Mama, Kuko Nini Leo?

Abiria anayetoka Kisangani hufika Lubutu, jimboni Maniema, baada ya zaidi ya kilomita 200 za Barabara ya Taifa Namba 3, akiwa na vumbi au matope kulingana na majira, na njaa majira yote. Anashuka na swali moja: "Mama, kuko nini leo?" Kuko sombe. Kuko samaki. Wali ao bugali? Mifuniko inafunuliwa, anaona kwa macho yake, anakaa, anakula.

Msafiri huyohuyo akienda Kindu au akirudi Kisangani, akaingia mgahawa wenye vitambaa mezani, hupewa menyu ya kurasa kadhaa kwa Kifaransa. Taabu huanzia hapo. Anasoma kutoka juu hadi chini, anarudi juu, anaichungulia sahani ya jirani. Mhudumu amesimama na kalamu. Mwishowe anataja kuku, anaambiwa kuku hakuna. Samaki wa kukaanga? Ameisha. Baada ya kufuta kimoja baada ya kingine, kinabaki kilekile ambacho mama wa kando ya barabara angekitaja kwa pumzi moja.

Watu humcheka mlaji wa aina hii kwamba hana msimamo. Wanamwonea.

Mwaka 2000 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio lililofanyika katika duka moja la California. Meza ya kuonjesha jemu ilipokuwa na aina 24, watu wengi walisimama, lakini kati yao walionunua walikuwa asilimia 3 tu. Aina zilipopunguzwa hadi 6, walionunua walifika asilimia 30. Habari hiyo imesimuliwa mno hadi watu wakaiona kama sheria ya maumbile, nayo si sheria. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo wakakuta kwamba, kwa jumla, wingi wa vitu peke yake karibu haubadilishi kitu. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015 ulieleza lini wingi huumiza: pale mtu asipojua anachokipenda, na vitu vilivyo mbele yake vikawa vigumu kulinganisha. Huyo ndiye mgeni aliyeshika menyu asiyoielewa, yenye vyakula ambavyo hajaviona.

Kula kwa kuagiza kutoka kwenye orodha, kila mtu na chake, kila kitu na bei yake, ni desturi iliyoshika Paris katika karne ya 18. Kabla ya hapo msafiri wa Ulaya naye alifika nyumba ya wageni akala alichopika mwenyeji. Hata swali la wali ao bugali lina umri wake. Mhogo wa bugali ulivuka bahari kutoka Amerika pamoja na Wareno. Mpunga wa Maniema ulienezwa karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani waliopiga kambi Nyangwe na Kasongo, ambao Kiswahili pia kilifika nao.

Wenye migahawa hudhani orodha ndefu ni heshima. Ndugu Richard na Maurice McDonald walifikiri vingine. Mwaka 1948 waliufunga mgahawa wao wa San Bernardino, uliokuwa ukiuza vitu 25 hivi, wakaufungua tena ukiwa na vitu 9, kwa sababu hesabu ziliwaonyesha kwamba fedha nyingi zilitoka kwenye hambaga. Kama hesabu hiyo ilifaa California yenye umeme na majokofu, itafaa zaidi mahali ambapo samaki wa mtoni hununuliwa asubuhi na kuisha jioni. Huko orodha ya vyakula 40 ama inaozesha chakula, ama inadanganya.

Mezani kuna mtego mwingine: marafiki. Dan Ariely na Jonathan Levav, pia mwaka 2000, walionyesha kwamba Wamarekani wakiagiza bia mmojammoja kwa sauti, wa nyuma hukwepa aina zilizokwisha kutajwa, kisha hawakifurahii kinywaji chao kama walioagiza kwa siri. Huko Hong Kong watu walielekea kuigana, na hiyo nayo haikuwaridhisha.

Basi wenye migahawa ya Kindu na kwingineko waziweke kando zile menyu ndefu. Ubao mmoja na chaki vinatosha: chakula kilichoiva leo, bei yake kwa franka, na kilichokwisha kifutwe papo hapo. Na mlaji aliyekaa na wenzake akate shauri kabla hajasikia wao wanataka nini, kisha aagize wa kwanza.