Mazoea Yana Taabu

Wazee husema kwamba mazoea yana taabu, na neno hilo huonekana wazi zaidi katika tamaa za mwili. Mtu huanza jambo kwa kulijaribu tu, akidhani ya kuwa ataliacha siku atakayopenda. Mwezi hupita, mwaka hupita, na siku atakapo kuliacha huona kwamba hana nguvu tena. Mshahara umekwisha kabla ya tarehe kumi, mke aliyeachwa shambani hapati habari wala fedha, na moyoni mwake mwenyewe hamna raha.

Taabu hii si ngeni, wala si ya watu wasiosoma tu. Mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Kanisa, naye ni Mwafrika, alifungwa nayo kwa miaka mingi, kisha akaandika habari zake waziwazi ili wengine wafaidike. Mtu huyo ni Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa na mali kidogo tu. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye bidii katika sala.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 masomo yake yalikatika, kwa sababu fedha za kumpeleka Karthago, mji mkubwa wa nchi ile, zilikuwa bado hazijapatikana. Baba yake akawa anazikusanya, na kijana akakaa nyumbani bila kazi. Wazazi wengi waliopata kuhangaika kwa ajili ya ada wataelewa hali hiyo. Katika mwaka huo wa uvivu alifuatana na vijana waliojisifu kwa maovu yao, naye akaona haya kuonekana mwema kuliko wao, hata akajisingizia mambo asiyoyatenda. Usiku mmoja waliiba mapeasi katika bustani ya mtu. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Basi, upotevu wake ulianza kwa mambo matatu yanayojulikana kila mahali: kukosa kazi, marafiki wabaya, na hamu ya kusifiwa nao.

Alipofika Karthago alichukua mwanamke akakaa naye bila ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume jina lake Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Walikaa pamoja kwa muda wa miaka kama 15. Katika ujana wake alipata hata kumwomba Mungu ampe usafi wa maisha, lakini kwa siri aliogopa asije akajibiwa upesi. Wako watu wengi ambao wameiomba sala ya namna hiyo, ijapokuwa hawataki kukiri.

Mwaka 384 alipata kazi ya heshima ya kufundisha ufasaha wa maneno katika mji wa Milano, huko Italia. Ikapangwa aoe msichana wa jamaa nzuri, ili apate cheo. Kwa sababu hiyo yule mwanamke aliyezaa naye alirudishwa Afrika, akamwacha mtoto wake nyuma. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutojua mwanamume mwingine. Lakini msichana aliyeposwa alikuwa bado mdogo, ikabidi kungoja karibu miaka miwili, na Augustino hakuweza kungoja. Alichukua mwanamke wa pili.

Hapa yafaa kutua na kufikiri. Jina la mama yake Adeodatus halikuandikwa popote. Alikuwa mwaminifu kwa miaka mingi, na malipo yake yalikuwa kupandishwa chombo peke yake. Watu husema kwamba tamaa ni jambo la mtu na nafsi yake, lakini sivyo; daima yuko mwingine anayelipa, na mara nyingi ni yule asiye na sauti. Tena ni dhahiri kwamba kumfukuza mtu hakuondoi tamaa. Mkulima alijua hilo kwa habari ya sangari. Akizikata juu kwa jembe, shamba huonekana safi kwa juma moja. Mvua ikinyesha huchipuka tena, kwa kuwa mizizi imebaki chini. Augustino mwenyewe aliyafananisha mazoea na mnyororo ambao kila pete hushika nyingine: kwanza mtu hupenda, halafu huzoea, na mwisho hana tena uwezo wa kukataa.

Mwaka 386 alitembelewa na Mwafrika mwenzake, Ponticianus, aliyekuwa na kazi serikalini. Huyo alimsimulia habari za Antonio wa Misri, aliyeacha mali yake yote akaenda kumtumikia Mungu jangwani. Alimweleza pia jinsi maafisa wawili wa serikali walivyosoma habari hizo wakaacha kazi zao siku ile ile. Augustino aliona aibu kuu. Watu wasiokuwa na elimu kama yake wamepata nguvu, naye mwenye vitabu vingi amelala matopeni! Akatoka bustanini akilia. Huko akasikia sauti ya mtoto, kana kwamba inamwagiza achukue kitabu asome. Akaufungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, katika sura ya 13, mahali panapowaonya watu waache ulevi na ufisadi, na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Moyo wake ukatulia. Mara akamwambia rafiki yake Alypius, kisha wakaingia ndani kumwambia mama yake. Siku ya Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrosio, pamoja na mwanawe na Alypius.

Wengine huishia hapo, wakidhani kwamba kilio cha siku moja kilimaliza kazi yote. La, hasha. Neema ya Mungu ilimfungua, lakini baada ya kufunguliwa alijijengea desturi mpya. Kwanza, aliiacha kazi iliyomlisha kiburi, akakaa kwa muda shambani nje ya mji pamoja na mama yake na rafiki zake, wakiwa na saa za sala, za kusoma na za mazungumzo. Pili, hakukaa peke yake tena. Hata alipokuwa Askofu wa Hippo alikaa nyumba moja na mapadre wake, wakila meza moja. Na juu ya meza hiyo, kama alivyoandika rafiki yake Possidius, palikuwa na maneno ya kumkataza mtu asimsengenye asiyekuwapo. Tatu, hakujisifu kwamba amekwisha kushinda. Zaidi ya miaka kumi baada ya siku ile ya bustani, aliandika bila kuficha kwamba picha za mambo ya zamani zilikuwa zingali zikimrudia usingizini, akamwomba Mungu amalize kazi aliyoianza.

Katika hayo liko fundisho kwa kila anayetaka kutengenezeka. Asali ya buyu humalizwa kwa kuchovya, na buyu hujazwa vile vile, kidogo kidogo. Mtu anayejua ni saa gani na njia gani humwangusha, na aibadili njia hiyo leo jioni, wala asingoje mwisho wa mwezi. Na amtafute rafiki mmoja mwaminifu amweleze yote. Saa iliyokuwa ya baa na aipe kazi nyingine: sala, kitabu, bustani, au watoto wake na masomo yao. Na akianguka, asiseme kwamba yamekwisha. Ainuke, atubu, aendelee.

Augustino alikufa mwaka 430 akiwa na umri wa miaka 75, mji wake ukiwa umezungukwa na adui. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, apate kuzisoma akiwa kitandani. Mzee huyo, askofu kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa bado anatubu.