Elimu ya anga ifike dagoni

Mvuvi wa Kojani hang'oi nanga bila ya kutazama juu. Huutazama mwezi ili ajue kama maji ni ya bamvua au ni maji mafu, hulitazama wingu la mashariki, na usiku akiwa mbali na nchi huziangalia nyota ili ajue wapi pa kuielekeza omo ya chombo chake. Desturi hii hakuisoma katika kitabu. Aliirithi kwa wazee wake, nao waliichanganya na ya manahodha waliokuwa wakishuka na kaskazi kutoka Arabuni na kurejea kwao na kusi, na athari ya safari zile imo katika maneno yetu mpaka leo. Kusini wazee wetu waliita suheli, na suheli ni nyota. Kaskazini waliita jaa, na hiyo pia ni nyota. Lakini ni nyota ambayo mtu wa Kojani, aliye nyuzi tano kusini ya mstari wa Ikweta, hataiona hata akikesha mwaka mzima, kwani kwetu haichomozi kabisa. Jina lilifika Pemba, na nyota yenyewe ikabakia kwa wale wanaovuka mstari.

Kilimia nacho kila mtu wa pwani anakijua. Mwishoni mwa Aprili hupotea katika mwanga wa machweo, masika yakiwa yamepamba, na hakionekani tena mpaka Juni, alfajiri, upande wa mashariki. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupelekwa skuli tulisomeshwa manazili 28 za mwezi, na wenye bahati walipata kwa masheikh wao kitu kidogo cha elimu ya falaki, ya kujua nyakati na kibla.

Hatuyasemi haya kwa kujisifia mambo ya kale. Tunayasema kwa sababu katika zama hizi ambapo anga imejaa vyombo vilivyotengenezwa na mikono ya watu, mvuvi huyu, ambaye alikuwa akiishi kwa elimu ya anga kabla ya sisi wote wa ofisini, amekuwa ndiye wa mwisho kufikiwa na elimu hiyo. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Anga si jambo geni Zanzibar. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikitutawala, ilikubaliana na Marekani kwamba kijengwe Unguja, sehemu za Tunguu, kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, mpango wa kwanza wa Wamarekani wa kumpeleka binadamu angani. Wenye nchi hawakuulizwa. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alipita juu ya bahari yetu na akazungumza kwa redio na watu wa kituo hicho. Wananchi wengi hawakukipenda. Ilivuma kwamba ni kituo cha makombora, na kwamba siku mabeberu watakapogombana na wapinzani wao, bomu litaiangukia Unguja. Kwa hakika hapakuwa na roketi pale. Palikuwa na mitambo ya kusikilizia tu. Lakini mtu anayejengewa kitu nyumbani kwake bila ya kuambiwa ni nini, ana haki ya kukidhania lolote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondoke, na mwezi wa Aprili, mwezi ule ule wa Muungano, kikafungwa. Wamarekani wakaihamishia kazi hiyo Madagaska.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na hatuoni sababu ya kuuonea haya. Nchi iliyojikomboa juzi haiwezi kuanza maisha yake na mitambo ya dola kubwa isiyoielewa wala kuisimamia. Kosa lililofuata ni letu wenyewe. Tulipokwisha kumtoa mgeni na vyombo vyake tuliiacha na elimu iende naye, tukajiambia kwamba anga ni shughuli ya mataifa makubwa na wala haituhusu.

Kumbe ilituhusu, na wala haikwenda mbali. Wavuvi wa Kojani wamezoea kupiga dago mpaka pwani ya Kenya, na nahodha anayepita kaskazini ya Malindi kuelekea Lamu huipita ghuba ya Ungwana, penye ncha ya Ngomeni. Katika maji ya hapo Wataliano, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, waliweka jukwaa la chuma lililosimama juu ya miguu yake baharini, wakaliita San Marco. Aprili 1967 walirusha kutoka hapo setilaiti yao, na waliendelea kuvirusha vyombo mpaka Machi 1988. Hawakuichagua pwani yetu kwa mapenzi ya madafu. Dunia inapojizungusha, mtu aliye kwenye Ikweta huchukuliwa nayo kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huondoka ikiwa imekwisha kupewa mwendo huo bure. Ni mali ya asili tuliyopewa sisi watu wa ukanda huu, kama tulivyopewa mikarafuu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa kutoka jukwaa hilo setilaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuitafuta katika anga miale ya eksirei, ile ile inayotumika hospitali kupigia picha ya mifupa. Miale hiyo inayotoka kwenye nyota haifiki chini, kwani huzuiliwa na hewa iliyoizunguka dunia, kwa hivyo anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ina sehemu 339 za anga zinazotoa miale hiyo. Moja katika hizo, iliyomo katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, ilikuwa ikimetameta kwa haraka kiasi ambacho wataalamu walitambua kwamba kinachotoa miale ile hakiwezi kuwa nyota ya kawaida. Ni kitu kidogo mno kwa umbo na kizito mno kwa uzani. Leo kinajulikana kuwa ni shimo jeusi, yaani mabaki ya nyota iliyojikunja ndani yake mpaka hata mwanga hauwezi kutoka. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinaonyesha kwamba uzito wake ni wa majua kiasi cha 21. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tungependa msomaji alitulie jambo hili. Ugunduzi mmoja mkubwa katika falaki ya karne iliyopita ulifanywa na chombo kilichoruka kutoka maji ambayo Wapemba hupita na nyavu zao, nacho kikiwa na jina kutoka lugha yetu, na bado mtu anaweza kumaliza skuli Pemba asilisikie. Anaweza kuwa anazijua sayari zote kwa jina na kwa mpango wake, na hajui kwamba lile kundi la nyota huonekana kutoka uwanjani kwao, upande wa kaskazini, usiku wa Agosti na Septemba.

Majirani zetu wamekwisha kuamka. Rwanda ilipata setilaiti yake ndogo mwaka 2019, Uganda mwaka 2022, na Kenya, baada ya ile ndogo ya chuo kikuu cha Nairobi ya mwaka 2018, ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. (Taifa-1 ilipelekwa kurushwa Marekani. Nchi ambayo maji yake yalirushia roketi za wengine ilisafiri mpaka California kurusha ya kwake.) Hatuwaonei gere, tunawapongeza. Lakini kipimo chetu hakitakuwa bendera iliyochorwa ubavuni mwa chombo. Kipimo ni mvuvi anapata nini.

Na cha kupata kipo kingi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja bila ya mtu yeyote kujua kwamba inakuja. Ilizamisha vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na kwa kuwa Pemba ilisalimika zaidi, tangu hapo karafuu ikawa ni ya Pemba. Aprili 1952 tufani nyengine iliipiga Lindi na kuua watu. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilikuwa bado haijarushwa; ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, kilionekana kutoka juu kingali baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na kilipofika Mafia tarehe 4 Mei watu walikuwa na habari nacho.

Watu wa mjini, tuseme. Mvuvi aliye dagoni, katika kisiwa kisicho na wakaazi, simu yake imekwisha moto na redio yake imeingia maji, hana tofauti kubwa na baharia wa mwaka 1872. Jicho lililo juu limemwona yeye na limeiona tufani. Kilichokosekana ni neno la kumfikia. Na hata linapofika, huja likisema upepo wa kilomita kadhaa kwa saa, wakati mwenyewe anafahamu umande, matlai na kusi, na anahesabu siku zake kwa miongo ya Nairuzi. Hatusemi kwamba mvuvi hawezi kujifunza kilomita. Tunasema kwamba mwenye kutoa khabari ndiye anayetakiwa kuitoa ieleweke.

Kipo na kifaa kingine. Mwaka 1982, wakati Urusi ya Kisovieti na Marekani hazikuwa zikisalimiana, nchi mbili hizo pamoja na Kanada na Ufaransa zilianza kuzitumia setilaiti za kusikiliza vilio vya walio hatarini. Chombo kinachozama hubonyeza kidude kidogo, setilaiti ikasikia, na waokozi wakaambiwa mahali pake. Makumi ya maelfu ya watu wameokolewa kwa njia hiyo. Mashua za Kojani huondoka kwa makundi. Kidude kimoja kwa kila kundi si mzigo usiobebeka, ikiwa kamati za wavuvi, wizara inayohusika na uvuvi na halmashauri watachangiana. Tunazijua fedha zinazotumika katika semina ambazo hazimwokoi mtu.

Ama skuli, Kojani ina tatizo linalojulikana: watoto huacha masomo wakafuata dago. Wamekemewa sana, na wazazi wao wamekemewa zaidi. Hatulipingi karipio hilo. Lakini mtoto anayejua kuisoma bamvua kabla ya kujua kusoma gazeti ana mlango wa kuingilia katika hesabu na sayansi, na mwalimu anaweza kuanzia hapo: kwa nini maji hujaa sana mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, kwa nini jaa haionekani kwetu, vipi simu ya baba inajua mwamba uko wapi. Setilaiti zinazoiongoza simu ile zina saa ambazo, zisiposahihishwa kwa kanuni za Einstein, hukosea sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku. Ni kidogo sana, lakini kosa hilo lingeutupa mwamba wa mvuvi kilomita zipatazo kumi kila siku. Hesabu hiyo haimchoshi mtoto wa Kojani.

Tunaziomba basi Mamlaka ya Hali ya Hewa, wizara zinazohusika na uvuvi na elimu, pamoja na Chama katika ngazi ya tawi, wakae na masheha, walimu na manahodha kabla ya msimu ujao wa dago, wakubaliane nani atapeleka khabari, kwa chombo gani na kwa maneno gani. Kikao hicho kisifanywe Wete wala Chake Chake. Kifanywe Kojani kwenyewe, jioni, vyombo vikiwa vimerudi.