Mgeni Apewe Jembe: Mwalimu Anayesita na Teknolojia Darasani

Mnamo mwaka 2016, serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, pamoja na vipakatalishi vya walimu na projekta. Vifaa vilipokelewa kwa vigelegele. Hata hivyo, katika baadhi ya shule viliishia kufungiwa kabatini, na lawama zikamwangukia mwalimu: eti ni mzembe, eti amepitwa na wakati.

Lawama hizo hazina mashiko. Mwalimu aliyeshika chaki kwa miaka ishirini amejijengea hadhi juu ya jambo moja: kujua. Mbele ya kishikwambi, hadhi hiyo huyumba, kwani mtoto aliyezoea kuchezea simu ya mamake huenda akakifungua kabla ya mwalimu wake. Aidha, mwalimu huhofia kulipia kifaa kikivunjika. Umeme nao ukikatika, kipindi cha dakika 30 huwa kimeyoyoma. Huko kusita si ukaidi. Ni tahadhari ya mtu anayeujali wakati wa wanafunzi wake.

Tahadhari haiondolewi kwa waraka wala kwa semina ambamo mkufunzi hutaja sehemu za mtambo kisha akaenda zake. Inafaa kuanza na tatizo ambalo mwalimu mwenyewe analihisi. Chukua mfano wa mwalimu wa Kiswahili. Kila muhula hufundisha ushairi, na shairi lililostahili kughanwa husomwa kimyakimya. Simu anayopokelea pesa kila siku inaweza kurekodi ghani ya mwanafunzi, darasa likasikiliza, likasahihisha matamshi ya /r/ na /l/. Akishaizoea hatua hiyo, atarekodi imla, kisha ufahamu wa kusikiliza. Kishikwambi kitakapotolewa kabatini, hakitakuwa kigeni tena kwake.

Hali kadhalika, mwalimu hujifunza vyema kutoka kwa mwenzake, baada ya vipindi, pasipo mkaguzi wala alama. Hapo ana ruhusa ya kukosea. Atakayeweza kumwambia mwanafunzi, "Hebu nionyeshe," bila kuona haya, atakuwa amevuka kizingiti kikubwa kuliko vyote.

Wapo watakaodai kwamba mwendo huu ni wa kobe, ilhali mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unauhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Jibu ni kwamba pupa ndiyo iliyovifikisha vifaa kabatini.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana deni. Mwalimu anayesita anahitaji maelekezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, na matini za kusikilizwa zinazolingana na silabasi yake. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kishikwambi kimekuwa mgeni wa shule zetu kwa miaka mingi mno. Kipewe jembe, na mwenyeji wake asaidiwe kukionyesha shamba.