Dodoma Ipandwe Ukoka

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 watumishi wengi wa Serikali wamekwisha hamia huko. Majengo yanapoongezeka, viwanja vyake navyo vinahitaji kufunikwa kwa majani. Uchaguzi wa majani hayo unahusu maji na udongo kabla ya kuhusu urembo.

Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hunyesha kwa kishindo na kuchimba makorongo; kisha hufuata miezi saba ya jua, upepo na vumbi. Ardhi tupu haistahimili hali hiyo. Ndiyo maana mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika milima ya Kondoa ili majani yaote tena.

Hata hivyo, wapo wanaotamani nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu zenye baridi na mvua ya kutosha. Dodoma nyasi hizo hazina budi kumwagiliwa kiangazi chote, kwa maji yale yale ya visima vya Makutupora yanayotegemewa majumbani. Wengine hufyeka na kufagia uwanja wa shule mpaka udongo ubaki uchi, wakidhani huo ndio usafi.

Jani lifaalo tunalikanyaga kila siku: ukoka. Kiangazi kikikaza majani yake hukauka, lakini mashina yaliyojificha ardhini hubaki hai, yakachipua mvua inaporudi. Hutambaa na kuushika udongo. Ni kweli kwamba shambani ukoka ni gugu sugu. Basi usipandwe kando ya bustani ya mboga, wala chini ya kivuli kizito, ambako hudhoofika.

Tunawashauri walimu wakuu na wakuu wa ofisi watayarishe ardhi mwezi Novemba, na vipande vya ukoka vipandwe mara mvua zitakaposhika. Wanafunzi wakitengewa njia za kupita, miche itapata nafasi ya kushika.

Ifikapo Septemba uwanja utakuwa na rangi ya vumbi. Asiwepo mkuu wa kuona haya na kuamuru ufunguliwe mpira wa maji, wakati jirani yake anasubiri ndoo moja. Ukoka utaamka wenyewe Desemba.