Baada ya Kazi: Kasha la Picha za Meli

Juma lililopita nilipata barua ya msomaji mmoja wa upande wa Kisumu, mkulima ambaye zamani alikuwa karani. Asema kwamba marehemu baba yake, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo katika gati la Kisumu, ameacha kasha la mbao, na ndani yake mna postikadi 43, karibu zote zenye picha za meli na majahazi. Mwanawe aliye shuleni hukusanya stempu, naye ameomba ruhusa azitie kadi hizo katika maji ya vuguvugu ili stempu zibanduke, kisha kadi zenyewe ziwashiwe moto jikoni. Bwana huyo auliza: je, ampe ruhusa?

Namjibu kwanza kwa neno moja, kabla mtoto hajateka maji: la. Sababu zangu ni nyingi, lakini iliyo kubwa si ya kujivunia.

Mimi mwenyewe nilifanya jambo hilo hilo nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ndugu ya babu yangu alikuwa mpishi katika meli zilizokwenda Bombay na Durban, na kila alipopata nafasi alimletea babu kadi. Kadi yake ya mwisho ilikuwa na picha ya meli yenye dohani nyeusi iliyozungukwa na mistari miwili myeupe, ndiyo alama ya kampuni ya British India. Nyuma yake aliandika maneno machache kwa kalamu ya risasi: kwamba hajambo, kwamba amehamia meli nyingine, na jina la meli hiyo atalitaja katika barua. Barua haikufika, wala yeye hakurudi. Nami nilipozipata kadi zile nilizilaza katika karai la maji, nikapata stempu nne za Mfalme George ambazo hata leo hazitoshi kununua kikombe cha chai. Muhuri wa posta ulikuwa umegongwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya kadi. Nusu ya kadi niliisugua pamoja na gundi. Nusu ya stempu niliibadilisha shuleni kwa gololi. Muhuri ule ndio uliokuwa na tarehe na jina la bandari. Miaka mingi baadaye baba yangu aliniuliza kama naweza kusoma kadi ile ilitoka wapi. Nilimwambia kwamba wino umefifia. Sikumwambia ni nani aliyeufifisha.

Basi, mtu anayekusanya kadi za meli yampasa aanze na upande ule ambao watu wengi hawautazami, yaani nyuma. Postikadi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na mwaka mmoja baadaye Waingereza wakafuata. Kadi hizo za kwanza hazikuwa na picha. Mwaka 1894 posta ya Uingereza iliruhusu watu kutumia kadi zilizochapishwa na wafanya biashara, mradi zibandikwe stempu, na hapo picha zikaanza kuenea. Lakini nyuma ya kadi palikuwa pa anwani peke yake. Mwenye salamu alizibana pembeni mwa picha, na ndiyo maana kadi nyingine za zamani zina maneno yaliyoandikwa juu ya bahari na juu ya mawingu. Katika mwaka 1902 Waingereza waliruhusu mstari wa kuigawa nyuma ya kadi mara mbili, kushoto salamu na kulia anwani. Wajerumani walifanya vivyo hivyo mwaka 1905. Kwa hiyo kadi ya Kiingereza isiyo na mstari huo kwa kawaida ilichapishwa kabla ya 1902. Nasema kwa kawaida, kwani mwenye duka hakuzitupa kadi zake za zamani kwa sababu ya amri mpya. Aliziuza mpaka zikaisha.

Kisha utazame stempu mahali ilipo, na muhuri ulio juu yake. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza mwaka 1935, na mojawapo ilikuwa na picha ya jahazi katika ziwa la Victoria. Bila shaka katika kasha la bwana wetu zimo. Lakini jambo la kupendeza zaidi ni kuona stempu ya nchi moja imegongwa muhuri wa nchi nyingine. Abiria aliyeandika kadi yake katikati ya bahari aliruhusiwa kutumia stempu ya nchi ambayo bendera yake inapepea juu ya meli, na kadi ikagongwa muhuri katika bandari ya kwanza iliyofikiwa. Ndivyo stempu ya Uingereza inavyoweza kuwa na muhuri wa Mombasa. Kadi za namna hiyo mara nyingi zina neno PAQUEBOT. Neno hili si jina la meli wala la bandari, ingawa nimewasikia wauzaji wakilitaja hivyo kwa sauti kubwa. Maana yake ni kwamba barua ilitiwa posta melini. Kadi yenye neno hilo ikibanduliwa stempu yake huwa kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Lugha yetu yenyewe yakumbuka undugu wa barua na vyombo vya bahari. Neno meli tumelipata kwa Waingereza, na kwao maana yake ni mzigo wa posta. Merikebu iliyoleta barua ndiyo iliyongojewa kuliko zote, hata ikaitwa kwa jina la mzigo wake.

Sasa tuigeuze kadi. Picha yenyewe yafaa isomwe polepole, kama hati ya shamba. Wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na maduka Unguja, kama Gomes na ndugu wa Coutinho, waliwauzia abiria picha za bandari, nazo zikaenda Ulaya na Bara Hindi. Katika picha nyingi za bandari ya Unguja utaona milingoti imesimama juu ya maji mbele ya mji, na chini yake hakuna chombo. Mtu asiyejua hudhani kwamba picha imeharibika. Milingoti hiyo ni ya Glasgow, meli aliyoundiwa Sultani Barghash huko Scotland mwaka 1878, baada ya tufani ya 1872 kuviharibu vyombo vyake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliizamisha palepale bandarini, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Maji hayakuwa na kina cha kuifunika yote, ikabaki hivyo mpaka mwaka 1912 mabaki yake yalipovunjwa na kuondolewa. Basi picha yenye milingoti hiyo ilipigwa kati ya 1896 na 1912, hata kama muhuri ulio nyuma ni wa miaka ya baadaye. Picha na kadi na muhuri ni vitu vitatu, na kila kimoja kina umri wake.

Rangi zisikudanganye. Picha zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha nyingi zikapelekwa Ujerumani kwa wachapaji, nao wakazipaka rangi wasizoziona. Ninayo kadi moja ya jahazi ambalo tanga lake ni jekundu kama kanzu ya jaji. Nahodha wake angeliliona angecheka.

Kwa upande wa ziwa, bwana wetu azitafute katika kasha lake Winifred, Sybil na Clement Hill. Meli hizi ziliundwa Paisley, Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Mombasa, zikapandishwa gari moshi hadi Kisumu, na huko zikaunganishwa tena. Clement Hill ilianza kazi mwaka 1907. Na kama atapata picha ya mtepe wa Lamu, aiweke peke yake. Chombo kile kilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Hakionekani tena baharini.

Liko jambo moja lililonigharimu miaka kulielewa, nalo ni kwamba meli hubadilishwa majina kama mashamba yanavyobadilishwa wenyewe. Mzee mmoja, jirani yangu, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, alikuwa hajaacha kunyonya baba yake alipopanda meli Mombasa mwezi wa Februari 1944. Baba huyo alikuwa askari wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, na meli iliitwa Khedive Ismail. Tarehe 12 mwezi huo huo, ilipokuwa karibu na visiwa vya Maldives ikielekea Colombo, nyambizi ya Wajapani ikaipiga topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu zaidi ya 1,500 walikuwamo, wakafa 1,297, na wengi wao ni askari wetu wa mizinga. Nyambizi ile nayo ilizamishwa siku ile ile na manowari zilizokuwa zikiwalinda.

Mzee alikuwa ameliona jina la baba yake katika ukumbusho ulio kwenye makaburi ya vita, Nairobi. Alichotaka ni kuiona meli. Kila aliyeulizwa picha ya Khedive Ismail alisema hana, nami nilisema hivyo hivyo, na kwa miaka minne nilikuwa mwongo bila kujua. Khedive Ismail iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua, na kwa jina hilo ikachukua abiria huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1935 kampuni ya Misri iliinunua ndipo ikapewa jina la mtawala wao wa zamani. Kadi ya Aconcagua nilikuwa nayo sandukuni. Niliinunua pamoja na kadi nyingine mia moja katika bunda moja, kwa kuwa bei ilikuwa rahisi, nikaiweka nyuma ya zote kwa sababu ya uvivu: Chile, nilijisemea, ina habari gani na sisi?

Nilimpelekea jioni. Aliishika kwa vidole viwili pembeni, kama anayeogopa kuichafua, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Hakuniuliza iliundwa wapi wala mwaka gani. Aliuliza, "Askari walikaa sehemu gani?" Nilimwonyesha kwa ncha ya kijiti sehemu ya chini, juu kidogo ya maji, nikamwambia kwamba kwa kawaida ndipo walipolazwa askari, ingawa sikuweza kumwahidi kwamba saa ile walikuwapo. Akatazama hapo muda mrefu. Sikumwachia kadi ile ya karatasi dhaifu. Niliipiga picha, ikachapwa kwa ukubwa, nayo imetundikwa ukutani mwake pamoja na majina mawili ya meli chini yake.

Kuhusu kuzitunza, sina maneno mengi. Usitie gundi, wala utepe wa kunata, wala usizifunge kwa mpira, kwani mpira huyeyuka na kushika karatasi. Zisimamishe ndani ya kasha kavu, mbali na ukuta wa saruji na mbali na jua. Pwani adui ni unyevu wenye chumvi, bara ni mchwa. Usiandike juu ya kadi kwa wino. Andika nambari ndogo kwa kalamu ya risasi laini katika pembe ya nyuma, na maelezo yote yawe katika daftari. Wala usiwe na haraka ya kumwuzia mtu ajaye nyumbani na noti mkononi, hasa yule anayetaka kuchagua mbili tatu na kukuachia nyingine. Mtu huyo amekwisha ona asichotaka wewe ukione.

Na huyu kijana mwenye stempu asikatazwe kabisa. Apewe daftari, aandike kadi moja kwenye kila ukurasa: jina la meli kama lilivyochapwa, jina la mchapaji, stempu, muhuri herufi kwa herufi, na maneno yote yaliyoandikwa nyuma, hata kama ni ya Kijaluo au Kigujarati ambayo itambidi amwulize mtu. Stempu atazihesabu kuwa zake zikiwa zimekaa pale pale. Akiona PAQUEBOT, baba yake aniandikie upesi.

Lakini kuna jambo ambalo bwana huyo hakulitaja katika barua yake, nami nimelifikiria juma zima. Mpakuzi wa mizigo hakai na kadi 43 bila sababu. Je, anwani zilizo nyuma ya kadi hizo zina jina la nani?