Mamothi Anatrend, Lakini Ni Farasi Wanachapa Kazi Siberia

Kama ulikuwa mtandaoni Aprili 2025, lazima ulipatana na wale watoto wa mbwa mwitu weupe kama pamba. Romulus, Remus na yule wa kike, Khaleesi. Kampuni ya Marekani inaitwa Colossal Biosciences ilisema imerudisha duniani mnyama aliyedanja zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, yule wengi wetu tulimjua kupitia Game of Thrones. Wasee wakawaka. Meme kila kona.

Mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wametoa panya wenye manyoya marefu, eti hizo ni rasharasha tu, mvua yenyewe ni mamothi. Wanasema ndama wa kwanza atazaliwa kabla 2028 iishe. Na doh iko: Januari 2025 kampuni ilipewa thamani ya dola bilioni 10.2, yaani karibu trilioni 1.3 za Kenya.

Story tamu. Lakini kuna kitu kinamezwa na hizo kelele zote, na hicho ndicho nataka tubonge leo. Ile kazi mamothi anaahidiwa kuja kufanya, kuna wanyama tayari wanaifanya. Wako hai, hawana hype, na wengine wanaisha tukiwaangalia tu.

Kwanza tuweke mambo sawa. Colossal walichukua seli za mbwa mwitu wa kijivu wa kawaida, wakabadilisha sehemu 20 kwenye jeni zake 14. Mbwa mwitu ana jeni karibu 19,000. Wataalamu wa jamii ya mbwa walio chini ya IUCN, ule muungano wa dunia wa uhifadhi, walisema wazi kwamba huyo si yule mnyama wa kale. Ni kama uchukue Probox, uibandike uso wa Prado, halafu uandike Prado kwa logbook. Gari inaweza kuwa poa, lakini mekanika wako hatadanganyika.

Mamothi itakuwa vile vile: ndovu wa Asia aliyeongezewa manyoya na mafuta ya kuzuia baridi. Ndovu hubeba mimba karibu miezi 22, na mtoto anachukua miaka zaidi ya kumi kabla naye azae. Piga hesabu mwenyewe ujue kundi litapatikana lini.

Sasa, mbona wanamtaka mamothi? Sababu moja wanayouza sana ni kwamba atasaidia kulinda udongo ulioganda wa Aktiki. Hapo sasa ndio story inakuwa serious.

Huko kaskazini ya mbali, Siberia, Alaska na Kanada, kuna ardhi imeganda chini miaka na mikaka. Ndani yake kuna nyasi, mizizi na mizoga ya maelfu ya miaka ambayo haikuwahi kuoza. Fikiria friza ya bucha, lakini saizi ya bara. Wanasayansi wanakadiria kaboni iliyofungiwa humo ni karibu mara mbili ya ile iko hewani saa hii. Stima ikipotea kwa friza, unajua venye inaenda. Vijidudu vinaamka, vinaanza kumanga, na vinatoa gesi ya kaboni na metheni, zile zile zinazopasha dunia joto. Joto likizidi, friza inayeyuka zaidi.

Na stima imeanza kupotea. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima. Mwaka 2016, huko Yamal nchini Urusi, kimeta kililipuka baada ya joto kali kuyeyusha udongo uliokuwa umeficha vimelea vyake kwa miongo. Chanjo ya mifugo ilikuwa imesimamishwa tangu 2007. Mtoto wa miaka 12 alifariki, na reindia zaidi ya 2,000, wale kulungu wafugwao wa baridi, wakaenda nao.

Hapa ndipo unakutana na mzee Sergey Zimov. Huyu ni mwanasayansi Mrusi anayeishi Cherskii, mji mdogo kando ya mto Kolyma, mahali baridi hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri. Mwaka 1996 alianzisha Pleistocene Park, na siku hizi kijana wake Nikita ndiye anaiendesha. Wazo lake ni simpo. Enzi za mamothi, hiyo sehemu ilikuwa mbuga ya nyasi imejaa wanyama. Binadamu wakawamaliza kwa kuwinda, nyasi zikapotea, vichaka na miti vikaingia. Rudisha wanyama, nyasi zitarudi, na ardhi itabaki baridi. Wanasayansi wengine hawakubali sehemu ya kwanza, wanasema hali ya hewa ndiyo ilibadilisha mandhari. Lakini sehemu ya baridi imepimwa.

Ujanja uko kwa theluji. Sisi tunadhani theluji inapoza ardhi, kumbe ni blanketi. Ikilala nene, ule ubaridi wa hewani haushuki chini. Farasi wa Yakutia anapotafuta nyasi, anaipiga kwato, anaichimba, anaikanyaga. Blanketi inatoboka, baridi inapenya, na udongo unaganda sawasawa.

Mwaka 2020 Christian Beer wa Chuo Kikuu cha Hamburg na wenzake, Zimov wawili wakiwemo, walichapisha hesabu ya hii kitu. Wanyama wakiwa karibu 100 kwa kila kilomita moja ya mraba, kina cha theluji kinapungua nusu. Walipoingiza hiyo kwa kompyuta, chini ya ile hali mbaya kabisa ya uchafuzi, udongo ulipanda joto kwa nyuzi 3.8 kufikia 2100 bila wanyama. Na wanyama wakiwepo? Nyuzi 2.1. Hiyo tofauti ni kubwa, manze.

Na mwenye alileta hiyo tofauti si mamothi. Ni farasi, reindia, na mbogi ingine yao. Mwaka 2019 walisafirisha baisani 12 kutoka shamba moja Denmark hadi Siberia. Wako pia na ngamia wa nundu mbili. Ile kazi ya kuangusha miti, Zimov aliitafutia gari zito la jeshi la enzi za Soviet. Yaani mamothi wake ni wa chuma.

Lakini tusidanganyane upande huu pia. Sehemu iliyozungushiwa ua pale Cherskii ni karibu kilomita 20 za mraba. Nairobi National Park, ile tunaona simba na maghorofa kwa picha moja, ni 117. Na udongo ulioganda umekalia zaidi ya nusu ya Urusi yote. Mimi si mwanasayansi, campo yenyewe nilihepa kabla ya kumaliza, lakini hata mimi naona hiyo hesabu haifungi. Farasi ni msaada. Kama viwanda na magari ya nchi kubwa yataendelea kutema moshi venye yanatema, hakuna kundi la wanyama litashinda hiyo mechi.

Halafu kuna siasa. Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, taasisi nyingi za Ulaya na Marekani zilikata ushirikiano na vituo vya utafiti vya Urusi. Karibu nusu ya ardhi ya Aktiki iko huko. Ni kama daktari anapima mgonjwa lakini amekatazwa kushika upande mmoja wa mwili.

Na sasa sehemu inaniuma. Tukishangilia mnyama wa miaka 4,000 iliyopita, wale wa leo wanaenda. Ripoti ya Aktiki ya NOAA ya 2024 ilisema karibu, reindia wa porini wa Marekani ya Kaskazini wanaohama kwa makundi kwenye tundra, wamepungua kwa asilimia 65 ndani ya miongo miwili hadi mitatu. Kule Yamal, Novemba 2013, mvua ilinyesha juu ya theluji kisha ikaganda kama kioo. Reindia hawangeweza kuchimba chakula. Walikufa njaa 61,000. Huyo ndiye mnyama mwenye anakanyaga blanketi, na alikufa kwa sababu blanketi iligeuka jiwe.

Sisi Wakenya hii movie tunaijua. Machi 2018, Sudan, kifaru mweupe dume wa mwisho wa kaskazini, alidanja Ol Pejeta. Dunia nzima ilipost, ikalia, ikaenda. Wamebaki Najin na bintiye Fatu, wote wa kike, na hakuna mmoja anaweza kubeba mimba. Sasa wasee wa maabara wanang'ang'ana na mayai na mbegu zilizogandishwa, na nawaombea wafaulu. Lakini kila kitu wanachojaribu leo kingekuwa rahisi vifaru wakiwa mia. Tulingoja wabaki wawili ndio tukaita fundi.

So, mimi sikatai sayansi ya Colossal. Hiyo teknolojia inaweza kuja kusaidia wanyama wenye bado wako. Nakataa tu ile hadithi inatuambia tusijali, kila kitu kikiisha kitatengenezwa tena. Hiyo hadithi inapendwa sana na watu hawataki kupunguza moshi leo.

Siku hao ndama wa mamothi wakitokea, kama watatokea, simu yako itajaa video. Mimi pia nitaangalia, siwezi danganya. Lakini ukimaliza kuangalia, uliza swali moja tu: reindia wamebaki wangapi?

Wewe unaonaje? Hizo mabilioni ungeweka kwa mamothi, ama kwa wale wenye bado wanapumua?