KARATASI ZISOMWE KWA SAUTI

Ndugu wanachama,

Sisi tunaosema hapa tu wafanyi kazi kama ninyi, tena tumo katika kamati za kutetea haki za walemavu. Hatutembei kwa magongo wala hatuvai miwani myeusi. Ulemavu wetu hauonekani. Herufi na sauti yake haviungani upesi vichwani mwetu; wataalamu wanauita disileksia. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri ambaye kusoma kulimshinda. Basi jambo hili limejulikana zaidi ya miaka mia, na sisi bado tunaitwa wajinga na wavivu.

(Maneno haya tumeyasema kwa mdomo, karani wa tawi akayapiga taipu. Mkiona makosa ya herufi, ni yake.)

Mwenzetu mmoja alikuwa akiandika mali ghalani. Siku moja yaliingia magunia 68, akaandika 86. Mwisho wa mwezi ikasemekana magunia 18 yamepotea. Tajiri hakutazama hati ya lori, ambayo ingemaliza maneno kwa dakika tano. Alimwita ofisini, akamwekea barua ya Kiingereza, akamwambia atie sahihi. Mbele ya mabwana wanne mwenzetu aliona haya kusema hawezi kuisoma. Akatia sahihi. Kumbe amekubali kwamba ni mwizi. Kesho yake hana kazi.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mtu hafukuzwi kwa kosa kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenziwe au mwakilishi wa chama aliyemchagua akiwapo. Kusukumiwa karatasi si kuelezwa!

Lakini tajiri tumemzoea. Kinachotuuma ni cha nyumbani. Mwenzetu alipokuja kwenye chama chake, ambacho amekilipia ada kila mwezi, alipewa fomu ya kurasa nne, Kiingereza kitupu, akaambiwa, "Jaza, ulete Jumatatu." Hakurudi. Leo anavunja kokoto kwao. Na katika kitabu chetu imeandikwa kwamba mlalamikaji hakufuata kesi yake. Nani aliyemwacha mwenziwe hapo?

Hata kwa walemavu wenzetu mambo ni yale yale. Tulialikwa kwenye mkutano wa haki zetu, tukagawiwa kitabu kizito. Vipofu walipewa Braille, viziwi wakapewa mkalimani wa ishara, na ni haki yao. Sisi tulipoomba kitabu kisomwe, mwenyekiti alisema saa hazitoshi. Mmoja akacheka: "Ninyi si walemavu, ninyi mlitoroka shule." Hatukutoroka. Tulikaa darasani tukichapwa kwa sababu ya kusoma vibaya.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitaja wazi ulemavu wa kujifunza. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema mlemavu asiitwe kwa jina la kudharau, na atumie lugha ya ishara, Braille, au njia nyingine inayomfaa. Njia yetu ni mdomo na sikio. Haina gharama hata ya shilingi moja.

Wako wanaonong'ona kwamba asiyesoma vizuri hafai kuwa mwakilishi. Mmoja wetu alisomewa mkataba wa mishahara mara mbili tu, na leo anautaja kifungu kwa kifungu mbele ya meneja, wakati wasomi wetu bado wanafunua kurasa. Tena Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa, nasi tukifundishwa polepole twakisoma. Kiingereza sivyo, na ndicho kinachobandikwa ubaoni na kujazwa katika fomu zetu. Kwa faida ya nani?

Basi katika mkutano mkuu wa mwaka tutaleta shauri hili. Kila karatasi ya tawi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya kura. Kila mlalamikaji aulizwe kwa mdomo na karani ndiye aandike, kisha amsomee. Mwanachama yeyote asitie sahihi ofisini kwa tajiri bila mwakilishi kando yake. Na kesi ya mwenzetu wa magunia 18 ifunguliwe kitabuni upya. Hesabu za mwaka zikigawiwa bila kusomwa, sisi hatutainua mikono.

Ni sisi, wanachama wenzenu wa tawi.